Mteja wa Saa Saba

Simu ya mkononi ililia saa saba na dakika kumi mchana, na Stella Kiden akajua kabla ya kuitazama kwamba Mzee Taban wa Koboko ameshindwa tena.

"Binti, hii kompyuta iko nakataa," mzee alisema. "Naandika ankara ya saruji, yeye nanyamaza tu."

"Umeweka namba ya kodi ya mnunuzi, mzee?"

"Namba ya kodi? Iko wapi hiyo?"

Stella aliweka chapati yake kando, akaanza upya. Bonyeza hapa. Sasa shuka chini. Tangu wafanyabiashara watakiwe kutoa ankara za kielektroniki, ofisi ndogo aliyofanyia kazi mjini Arua ilikuwa ikiwauzia programu ya hesabu na kuwafundisha kuitumia. Wengi walishika ndani ya wiki moja. Mzee Taban, muuza saruji na mabati, alikuwa katika mwezi wa tatu, na alipiga simu kila siku. Hata Ijumaa alipiga, ila siku hiyo alichelewa kidogo kwa sababu ya sala.

Dakika moja baadaye ankara ilitokea kwenye kioo cha kompyuta ya Stella, safi, bila kosa hata moja.

"Umeona, mzee? Leo umeweza."

"Nimeweza sababu yako. Umekula?"

"Nakula."

"Nini?"

"Chapati, peke yangu hapa."

"Kavu hivyo? Hapana, binti. Kesho tafuta maharage."

Kisha mzee akamsimulia habari za mvua, za barabara ya mpakani, za mbuzi wa jirani aliyeingia dukani na kula kalenda. Nyuma yake zilisikika sauti na vicheko. Redio, Stella alifikiri. Wazee wanaokaa peke yao hufungua redio kwa sauti kubwa. Aliijua sauti ya mtu anayetafuta sababu ya kupiga simu, na hakuwa na moyo wa kumharakisha.

Yeye mwenyewe hakuwa na pa kuwahi. Mumewe, Santino, alivuka kwenda Juba kutafuta kazi. Mwaka wa kwanza alipiga simu, wa pili akatuma ujumbe, wa tatu kimya. Chumba cha Stella kilikuwa Dadamu, pembezoni mwa mji, na kulikuwa na siku alizofika pale, akapika, akalala, bila kutamka neno tangu atoke kazini. Ofisini walipiga simu wengi, lakini walitaka jibu kuhusu programu tu, wakalipata, wakakata.

Jumatatu mkubwa wake, Moris, alisimama mlangoni.

"Yule mzee wa Koboko anatumalizia muda. Miezi mitatu ya msaada inakwisha wiki hii. Kuanzia wiki ijayo, akipiga usipokee."

"Hajui hata kuweka namba ya kodi. Atapigwa faini mpaka afunge duka."

"Ni faini yake, Stella. Si yako."

Siku mbili zilizofuata hakumwambia mzee kitu. Alimwelekeza kama kawaida, akasikiliza habari zake, na kila alipokata simu aliona mbele yake duka lenye vumbi, kompyuta iliyofunikwa kitambaa, na mwanamume mzee akizungumza na redio.

Alhamisi aliomba ruhusa, akasema ana shughuli ya kifamilia. Alipanda gari la kwenda Koboko kwa nauli yake, akiwa na mkate na kilo mbili za sukari kwenye mfuko. Angekaa naye mpaka jioni ikibidi. Angerudia kila hatua mpaka vidole vya mzee vijue njia vyenyewe. Na kabla ya kuondoka, angempikia chai.

Bodaboda ilimshusha kwenye barabara ya mpakani. Dereva hakuhitaji kuelekezwa zaidi ya jina.

Mbele ya duka kulikuwa na malori mawili. Vijana wanne waliofanana pua walikuwa wakipakia mabati huku wakitaniana. Ndani, watu walibanana, Kikakwa huku, Kinubi kule, na mtu mmoja akibishana bei kwa Kilingala. Mwanamke mzima mwenye mtandio wa njano aliita majina ya wajukuu wake mmoja baada ya mwingine, akakosea mawili, watu wakacheka. Kilikuwa kicheko kilekile cha kwenye simu.

Nyuma ya meza alikaa mzee mwembamba mwenye miwani. Vidole vyake vilikimbia juu ya kompyuta. Ankara moja ilitoka, ya pili ikafuata, na kati ya hizo mbili alimgeukia mwenye duka la jirani aliyekuwa ameinama begani kwake.

"Hapana, Ondoga. Kwanza namba ya kodi ya mnunuzi, hapa. Ukiacha hiyo, kesho utakuja kulia kwangu tena."

Stella alibaki mlangoni na mkate wake.

Msichana mwenye sinia la chai alimwona. "Karibu, dada. Mimi Shakirah, mkwe wa hapa. Unataka mzee?"

Kabla hajajibu, mzee alitazama saa ya ukutani, akavua miwani, akachukua simu yake. Aliinua mkono mmoja, na duka zima likapunguza sauti.

Ndani ya mkoba wa Stella simu ikaanza kutetemeka.

"Subiri kidogo," Shakirah alimnong'oneza. "Kila siku saa hii anapigia binti mmoja wa Arua, anajifanya kompyuta imemshinda. Anasema iko mtoto pale nakula peke yake, hakuna mutu wa kumuuliza amekula nini."