Umanjano wa Mdomo

Kwa mara ya tatu asubuhi ile ya Ijumaa, Mzee Bakhit alimwita binti yake kwa jina la pacha wake.

"Rahila, nipe hiyo darubini."

"Baba, mie Ruqaya," binti alijibu taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji. "Rahila yuko Sohar kazini. Nshakwambia."

"Ee, Ruqaya. Nisamehe, mwanangu."

"Daktari alisema. Ile dawa ya usingizi ya operesheni huwachanganya watu wazima. Itakutoka, inshallah."

Tangu atoke hospitali, wiki sita sasa, kila mtu alimwimbia wimbo huo: moyo umetengenezwa, akili imetetereka kidogo. Simu walimwondolea, eti asichoke. Mabibi wa mtaa wao wa Bawshar walikuja kumtazama, wakamshika mkono na kulia kuliko anavyostahili kuliliwa mtu aliyepona. Yeye mgonjwa ndiye aliyekuwa akiwabembeleza.

Lililomtesa ni hili la majina. Pacha wale walifanana hivi kwamba hata mama yao, Mungu amrehemu, aliwahi kumnyonyesha mmoja mara mbili, mwenziwe akabaki analia njaa. Bakhit hakuwakosea hata siku moja. Miaka thelathini na minne, tangu wakiwa kwenye nepi mpaka Rahila alipohamia Sohar na Ruqaya, asiyeona mbali bila miwani, akabaki kumtunza baba. Mtu wa namna hiyo akianza kuwachanganya wanawe, amebakiwa na nini?

Ndiyo maana Yaqoob, mwanafunzi wake wa zamani wa bayolojia, alipopita nyumbani na habari kwamba bata-maji mwitu ametua kwenye mabwawa, Bakhit alishika fimbo yake pale pale, na binti akamfuata. Ndege yule ni mgeni wa nadra Maskati. Tena wako wa aina mbili, mkubwa na mdogo, na wanafanana mno. Bakhit alitaka kujua kama jicho lake lingali hai. Kama limekufa, basi atanyamaza, amwite kila mtu kwa jina atakaloambiwa.

Ndani ya kibanda cha kutazamia ndege, Yaqoob alikuwa ameshasimamisha kamera yake ndefu kama bomba la maji.

"Ami Bakhit, kundi lote limeshakubaliana. Huyu ni yule mkubwa."

Kundi lenyewe lilikuwa la kwenye simu, ambako kila mwenye kamera ni sheikh. Bakhit alitabasamu, akainamia darubini. Ndege alikuwa ng'ambo ya maji, mweupe, amelala, kichwa kimefichwa chini ya bawa.

"Tutangoja," alisema. "Wakiwa wawili pamoja, hata mtoto atakwambia yupi ni yupi. Kazi ni akiwa mmoja, huna wa kumlinganisha naye. Hapo usitazame ukubwa. Wala usitazame shingo, shingo huirefusha akipenda. Tazama mdomo. Ule umanjano ukichongoka ukapita tundu za pua, ni mkubwa. Ukiishia juu, mviringo, kabla ya pua, ni mdogo."

"Yuko wapi?" binti aliuliza, amevua miwani anaifuta kwa ncha ya buibui. "Aah, nnamwona. Kule kwenye matete."

Bakhit alimtazama kidogo, kisha akarudi kwenye darubini.

Wakanywa chai ya maziwa kutoka kwenye chupa. Bakhit aliuliza mbona Rahila haji hata siku moja kumtazama baba yake. Binti alisema kazi, Baba, kazi nyingi, ila kila siku anakuulizia. Alisema hivyo huku akifunga kifuniko cha chupa, akakifunga tena ijapokuwa kilishafungika.

Ndege akainua kichwa.

Bakhit alitazama muda mrefu. Alifuta kioo kwa shuka la begani, akatazama tena.

"Mdogo," alisema.

Yaqoob alicheka kwa adabu. "Ami, watu arubaini wamesema mkubwa."

"Arubaini wamekosea."

Binti alimwekea baba yake mkono begani. "Usijichoshe, Baba. Huenda ni ile dawa bado."

"Piga picha," Bakhit alimwambia Yaqoob. "Ikuze kwenye mdomo. Nambie umanjano umefika wapi."

Kamera ililia mara tano, mara sita. Yaqoob aliinama juu ya kioo kidogo cha nyuma, akaanza kuivuta picha kwa kidole. Bakhit alifumba macho. Alianza kutazama ndege kabla wanawe hawajazaliwa, na hajawahi hata mara moja kupenda kushindwa, lakini sasa alikuwa akimwomba Mungu kwa moyo wake wote awe amekosea.

"Subhanallah," alisema Yaqoob. "Umeishia juu ya pua! Ni mdogo, ami! Sisi sote vipofu, wewe ndiye unayeona!"

Binti alipiga makofi, akambusu baba yake kwenye paji la uso. "Umeona, Baba? Akili yako nzima! Huna ugonjwa wowote!"

Yaqoob alitoka mbio nje kuwapigia wenzake, na sauti yake ikasikika ikijigamba huko kwenye daraja la mbao.

Machozi yalimtiririka Bakhit mpaka kwenye ndevu. Binti alidhani ni ya furaha, naye akacheka huku akimfuta kwa kiganja. Baba aliushika mkono ule, akaushikilia kwa mikono yake miwili.

"Rahila, mwanangu," alisema, "Ruqaya mmemzika wapi?"