Chupa ya Mwisho ya Seli

Pipeti ilikuwa tayari imejaa dawa, lakini mkono wa mtafiti uligoma kushuka. Aliirudisha mezani, akasingizia kiu.

"Dada, sasa unatupiga chenga," alisema mwenzake wa maabara, aliyezoeleka kwa jina la utani Miwani. "Juzi kabati la joto la kutunzia seli lilikusumbua. Jana kichwa. Leo kiu?"

"Zikiisha hizi, hakuna nyingine."

Miwani alijua kuwa hizo ni seli za uvimbe wa mama yake mtafiti, na kwamba nyingine zote ziliharibika jokofu lilipozima. Zilizobaki zilitosha jaribio moja tu. Mtafiti alikuwa akija hata siku za mapumziko kuzibadilishia chakula, mpaka mumewe akalalamika kwamba seli zinakula vizuri na yeye analishwa kiporo.

Mtafiti aliinama tena kwenye hadubini. Ndani ya kila seli kiunzi chake kilionekana, nyuzi nyembamba zilizotiwa rangi ya kijani. Ndizo zinazoishikilia seli isibonyee, na ndizo njia za kusafirishia mizigo yake. Seli ikitaka kujigawa, huzifumua na kuzifuma upya ili zivute vinasaba pande mbili. Dawa hii ingezikaza nyuzi zisifumuke tena. Seli ingekwama katikati ya kujigawa, kisha ingekufa.

Kwa uvimbe wa watu wengine ilikuwa imefaulu. Kwa huu wa ukoo wao, uliokwisha kuwashinda madaktari, hakuna aliyejua. Hilo ndilo lililomkosesha raha, au ndivyo Miwani alivyodhani.

Simu ilitetemeka mfukoni. Alikuwa mdogo wake.

"Bado tu, dada? Huku mimi usingizi sipati."

"Leo," alimjibu. Akapiga moyo konde, akadondosha dawa.

Walipotazama kesho yake, nyuzi zilikuwa zimekakamaa kama vijiti vya fagio. Seli zilizokuwa zikijigawa zilikuwa zimekwama na kufa, na nyingine zilishasinyaa. Miwani alitafuta hata moja iliyo hai, akakosa, akaruka kwa furaha mpaka miwani yenyewe ikamdondoka.

Mtafiti hakuruka. Alimpigia simu mdogo wake.

"Imezimaliza zote," alisema.

Mdogo wake akaangua kilio cha furaha. "Kwa hiyo na mimi nitapona, dada?"

"Sasa tuna dawa ya kukupa, mdogo wangu. Lia tu."

Alikata simu, akaifumbata ile chupa ya seli iliyokuwa ingali na joto. Mama yao walimzika mwaka juzi, na hizi ndizo seli zake pekee zilizokuwa bado hai mpaka jana.