Amina ya Matangani

"Mama Sanga, hao waliompiga Nduwimana na kumchomea kibanda chake cha njugu, si walitokea matangani kwako?" jirani aliniuliza. 

Leo mheshimiwa wetu wa wadi amekuja na karatasi ya polisi. Anataka nitie sahihi kwamba siku tuliyomzika mume wangu, yeye alitoa pole tu.

"Mama, mimi sikumtuma mtu kupiga."

Nikaishika kalamu yake ya kampeni, ina picha yake akicheka. Nduwimana, Mrundi wa watu, ndiye aliyetuchimbia kaburi. Sasa, kwa kipigo kile, hawezi hata kukunja vidole.

"Mheshimiwa, pale matangani ulisema wageni waondoke kabla ya Ijumaa. Nami nikaitika amina kwa sauti, hata sijui kwa nini. Basi kesi hii ni yako au yangu?"

Akachukua karatasi yake isiyo na sahihi, akatoka.