Kufuri

Kompyuta iliganda mara ya tisa asubuhi hiyo, na sasa Kinya akauona mstari wa msimbo uliokuwa ukiigandisha, ndani kabisa ya kiini cha mfumo. Kufuli ya kumbukumbu ya kompyuta ilifungwa, na hakuna mahali ilipofunguliwa.

"Mabadiliko yaliyoharibu mfumo yametoka kwa mtu wa ng'ambo," bosi alikuwa amesema. "Usipoyarekebisha leo, nitatafuta mtu mwingine."

Lakini aliyeandika mstari huo aliacha maneno pembeni yake: "Kufuri isifunguliwe."

Kinya akaweka kidole juu ya ile r kwenye skrini, kana kwamba ingemtoroka. Wa ng'ambo gani huyu, anayegeuza l kuwa r kama mtu wa Runyenjes, hapa hapa nchini?

Hakuwa amemwambia mtu alichokipata.

Bosi akaingia na kikombe chake cha chai, akitabasamu.

"Vipi, Kinya? Bado unasumbuliwa na hiyo kufuri?"