Ruba Aonja Damu ya Bwana Harusi

Mama Palahala, mwenye majivuno, alimposea mwanawe binti Tandala, kisha akamwita Ruba, mjuzi wa kuonja damu.

"Mwonje huyu binti, asije akatuletea maradhi ya kwao."

"Nionjwe, mama," binti akasema, "ila na mwanao pia."

"Mwanangu? Damu yetu ni safi!"

Ruba akawaonja wote wawili. Binti hakuwa na dosari. Aliyebeba mbegu ya maradhi alikuwa bwana harusi.

Mama Palahala akapigwa na butwaa. "Kaitoa wapi?"

"Kwenu wazazi. Hawa waoane tu, binti hanayo. Lakini wakioana wawili wenye nayo, huzika watoto."

Mama Palahala alikuwa amezika ndama wake watatu, na kwa ajili yao alimfukuza Bundi akimwita mchawi.

"Mwiteni Bundi," akasema kwa shida.

"Bundi alikwisha kufa huko nyikani, mama," mwanawe akajibu.