Kifusi cha Bure

Kwio, kwio, kwio. Pampu ya mkono ililia nyuma ya nyumba, kisha sauti ya dada ikafuata: "Mdogo wangu, hebu njoo uone vituko!"

Mdogo wake, dereva wa tipa, alizunguka ukuta. Ndoo ilikuwa imejaa maji ya manjano.

"Chai bila majani," dada alicheka. "Imekosa sukari tu."

Hakuweza kucheka. Alikuwa akitazama vidole vya dada kwenye mpini wa pampu. Vilikuwa na vidonda vidogo vya duara, vyenye shimo katikati kama vilivyotobolewa kwa msumari. Vidonda vya namna hiyo alivijua. Walikuwa navyo wapakiaji wa taka za kromu, kemikali ya manjano inayokula ngozi, pale kiwandani alikofanya kazi.

Uwanja waliosimama ulikuwa mkavu na mgumu. Msimu wa mvua uliopita palikuwa tope tupu, ndipo alipoleta mzigo wa taka hizo hapa badala ya kuupeleka jalalani. Kifusi cha bure, alimwambia dada, na dada akamsifu mtaa mzima.

"Kuna mtu katia sumu kisimani," dada alisema. "Wanangu wanaumwa matumbo wiki nzima."

"Usiwape tena, dada. Mwaga."

"Nimwage, halafu yeye atembee kifua mbele? Wewe unazunguka kote na gari. Nitafutie huyo mwenye roho mbaya."

Aibu ilimchoma mpaka masikioni.

"Nakuahidi, dada," alisema. "Leo hii atasimama mbele yako. Na wewe niahidi hutamhurumia."