Mbeba Bendera

Kofia ya chuma ilimbana Suroto masikio. Ulikuwa mwaka wake wa kwanza katika maigizo ya vita vya uhuru dhidi ya Waholanzi, na walikuwa wamemvisha mavazi ya askari wa Kiholanzi.

"Mholanzi gani huyu anatafuna pilipili mbichi?" Tukiran, mmoja wa wapiganaji wa mikuki ya mianzi, alimtania, na wenzake wakacheka.

Suroto hakucheka. Alikuwa akimtazama baba yake, Mzee Wiryo, upande wa pili wa barabara, akimfunga Parjan kitambaa cha kichwani. Alikifunga taratibu, kama anayemvisha bwana harusi. Kisha akamkabidhi bendera.

Mzee Wiryo alipigana vita vyenyewe katika mji huu, miaka thelathini iliyopita, na kila mwaka ndiye aliyeongoza maigizo. Mbeba bendera hutangulia wenzake, hupigwa risasi kwenye njia panda na kufa mbele ya mji mzima. Kina mama hulia. Hakuna aliyepigiwa makofi kama yeye.

Tangu Ramadhani Suroto alikuwa akiiomba nafasi hiyo. Baba alimjibu kwamba mgeni wa maigizo huanza kwa kuwa adui. Lakini Parjan, fundi baiskeli wa sokoni, alipewa bendera mwaka wake wa kwanza, na huu ulikuwa wa tatu.

Asubuhi ile mama za vijana walileta wali uliofungwa kwenye majani ya mgomba. Parjan alikaa pembeni, akikaza kamba za viatu ambazo zilikwisha kukazwa. Mzee Wiryo akaenda akampa fungu lake mwenyewe. Suroto akaufunga tena wali wake bila kuumaliza.

Alimwomba Mungu amwondolee wivu. Aliomba kwa midomo tu.

Parjan alipokwenda kutawadha, aliegemeza bendera kwenye ukuta wa msikiti, akatundika juu yake kitambaa na kifuko cha juisi ya choya, ile ya kuwa damu. Suroto akavua kofia na koti la Kiholanzi, akajifunga kitambaa, akachukua kifuko na bendera.

Fataki zikalipuka, moshi ukatanda. Suroto alikimbia mbele ya wote, bendera juu, uso umeinama. Kwenye njia panda alikipasua kifuko kifuani, akayumba, akaanguka chali miguuni pa baba yake. Kitambaa kikamtoka kichwani, uso wake ukawa wazi. Alifumba macho, asitikisike. Makofi yalivuma, naye akajua amekufa vizuri kuliko Parjan.

Ilibaki filimbi ya Mzee Wiryo, inayowainua wafu. Haikulia.

Wafu walianza kufungua jicho mojamoja. Suroto naye akafungua lake. Baba yake alikuwa ameketi chini barabarani, filimbi mdomoni, midomo ikitetemeka. Watu wawili walimshika mikono, wakamwondoa. Hakugeuka nyuma.

Parjan alikuja akapiga magoti, akaanza kuikunja bendera.

"Amekasirika," Suroto alisema. "Alitaka uwe wewe."

"Alitaka niwe mimi, kaka," Parjan alijibu, akipangusa vumbi kwenye kitambaa. "Kila mwaka, kabla hajanipa, huniuliza swali moja tu: kama bado sina mzazi wala ndugu wa kuniona nikianguka."